Ukarabati wa Njia ya Kale ya Waenda kwa Miguu: Aina, Sehemu na Kanuni

Njia ya waenda kwa miguu ya katikati ya mji ni nafasi ya wazi ya umma, ndefu kuliko upana wake, iliyopakana na majengo pande zote mbili, ambamo chombo cha moto hakipiti: ama hakiwezi kwa sababu ya wembamba wa njia, ama kimekatazwa kwa amri. Hutofautiana na njia ya pembeni, ambayo ni sehemu tu ya barabara ya magari. Hutofautiana pia na uwanja, kwa kuwa uwanja hauna mwelekeo na watu huja hapo kukaa, ilhali njia ina mwanzo na mwisho na watu huipita. Njia nyingi nzuri huchanganya hali hizi mbili, zikajibana mahali na kupanuka mahali. Pembe ya Jaws huko Soko Muhogo, Unguja, ni mfano: vichochoro kadhaa vinakutana, nafasi inapanuka kidogo, na wapita njia wanageuka kuwa wanywaji kahawa.

Njia huitwa ya kale si kwa hesabu ya miaka peke yake. Huitwa hivyo pale ambapo mpango wake wa kwanza ungali unasomeka: upana wake, mapindo yake, kimo cha majengo yanayoikabili na namna maji yanavyotoka. Kwa kipimo hiki njia iliyochorwa mwaka 1953 inaweza kuwa ya kale na yenye kustahili hifadhi, na njia ya miaka 200 inaweza kuwa imeshapoteza ukale wake wote isipokuwa jina.

Aina

Kwa asili yake, njia za namna hii ni za aina tatu, na tofauti hizo ndizo zinazoamua ni kitu gani hasa kinahifadhiwa.

Aina ya kwanza ni njia iliyozaliwa bila magari. Ndivyo zilivyo njia za Lamu, za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za sehemu kongwe ya Fez huko Moroko na za Venice nchini Italia. Hazikubuniwa na msanifu mmoja. Zilitokana na kanuni zilizokubalika kizazi baada ya kizazi: nani ajenge wapi, ukuta usimame umbali gani, jirani asichunguliwe, punda mwenye mzigo apate kupita. Mji wa Kale wa Lamu, wenye eneo la hekta 16, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye hekta 96, ulitangulia mwaka 2000. Ndani ya aina hii kuna daraja zake. Ipo njia kuu ya maduka, kama Usita wa Mui wa Lamu unaokwenda sambamba na ufuo, au njia za Hurumzi na Mkunazini huko Unguja. Zipo njia za mtaa zinazoshuka kutoka mwinukoni kuelekea baharini. Vipo vichochoro vya nyumba chache, na vingine havitokei upande wa pili. Kila daraja ina wembamba wake, na kuzisawazisha zote kwa kipimo kimoja ni kuzifuta.

Aina ya pili ni njia iliyogeuzwa: barabara ya zamani iliyofungwa kwa magari wakati fulani. Strøget ya Copenhagen ilifungwa mwaka 1962, na urefu wake ni takriban kilomita 1.1. Rua XV de Novembro ya Curitiba, Brazili, iligeuzwa mwaka 1972 chini ya meya Jaime Lerner, aliyekuwa msanifu majengo. Hapa usanifu wa asili una tabaka mbili, wa barabara na wa njia, na ukarabati hulazimika kutaja ni tabaka lipi linalolindwa.

Aina ya tatu ni njia iliyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wanaotembea, kwa mkono wa msanifu anayejulikana. Lijnbaan ya Rotterdam, kazi ya Van den Broek na Bakema, ilifunguliwa mwaka 1953 katika mji uliobomolewa na mabomu ya vita, na mwaka 2010 ikatangazwa kuwa urithi wa taifa la Uholanzi. Njia ya katikati ya mji wa Charlottesville, Virginia, ilichorwa na Lawrence Halprin na kufunguliwa mwaka 1976. Ilipita pale pale palipokuwa na barabara kuu ya zamani, lakini sakafu, miti, taa na viti vyote vilipangwa upya kwa wazo moja. Katika aina hii michoro ya mwanzo huwapo, hivyo hoja ya uasilia ina ushahidi wa karatasi. Katika aina ya kwanza ushahidi ni njia yenyewe, na anayeiharibu huharibu hati ya pekee.

Sehemu

Sehemu za njia ni sakafu, mfereji, ukuta, kiungo cha ukuta na sakafu, paa la juu pale lilipo, na vyombo vya njia kama taa, viti na miti. Chini ya sakafu kuna sehemu ya saba isiyoonekana: mabomba, chemba na nyaya.

Sakafu ni tabaka la kukanyagwa pamoja na matabaka yanayolibeba. Katika ujenzi wa kulaza, jiwe, tofali au kabro hukaa juu ya mchanga wa takriban sentimita 3, mchanga hukaa juu ya changarawe iliyoshindiliwa, na changarawe juu ya udongo wa asili. Katika ujenzi wa kuganda, tofali huunganishwa kwa saruji juu ya zege. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sakafu ya kulaza hupumua, hupitisha maji, na hufunguliwa na kurudishwa bila kuvunjwa. Sakafu ya kuganda ni imara mwanzoni, lakini ikishika ufa haina dawa ila kukatwa.

Mfereji huondoa maji ya mvua. Katika miji ya mwambao mifereji mingi hupita wazi, katikati au kando ya njia, ikifuata mteremko wa asili hadi baharini. Sakafu huinamishwa kuelekea mfereji kwa kiasi cha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, mwinamo ambao mguu hauuhisi lakini maji huutii. Mfereji ni sehemu ya usanifu sawa na mlango wa kuchongwa, ingawa haupigwi picha.

Ukuta wa njia ya Kiswahili ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba ya zamani ya Lamu huipa njia ukuta usio na madirisha makubwa, kwa sababu mwanga wake hutoka kwenye kiwanda, ua wa ndani. Nyumba ya duka iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi huko Unguja hufanya kinyume: sehemu ya chini yote hufunguka kwa milango ya mbao, na ghorofani kuna roshani. Njia moja inaweza kuwa na kuta za namna zote mbili, na mchanganyiko huo ni wa asili, haufai kusahihishwa.

Kiungo cha ukuta na sakafu ndicho kiini cha makala haya, kwa sababu ndipo ukarabati mwingi unapokosea. Hapo kuna baraza, benchi la mawe lililoshikamana na nyumba, kuna daka, kibaraza chenye kivuli mbele ya mlango, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kukaribishwa ndani, kuna kizingiti, kuna ngazi moja au mbili. Vyote vinne vimepimwa kutokana na kimo cha sakafu. Kimo hicho kikibadilika, vyote vinabadilika bila ya kuguswa.

Juu ya njia, hasa Lamu, kuna wikio: chumba kinachovuka kutoka nyumba moja hadi ya ng'ambo, na kuifanya njia ipite chini yake. Wikio hubebwa na boriti za mikoko, na upana wake hauwezi kuzidi urefu ambao boriti hustahimili. Kwa hiyo mti wa mkoko umeshiriki katika kuamua wembamba wa njia na upana wa vyumba vilevile. Kivuli cha wikio na cha kuta ndefu huifanya njia ipitike saa saba mchana. Kupanua njia ili iwe na hewa, kama ilivyowahi kupendekezwa katika miji mingi, ni kuiondolea ubaridi wake.

Namna za uharibifu

Uharibifu wa kwanza ni maji yaliyokosa njia. Mfereji ukiziba, maji husimama, huingia chini ya sakafu, huchukua mchanga, na sakafu hubonyea. Wa pili ni uzito: pikipiki, mkokoteni wa saruji, gari la kuzoa taka. Wa tatu ni mitaro inayochimbwa na mashirika ya maji, umeme na simu kwa nyakati tofauti, kila moja likifukia kwa kifusi bila kushindilia.

Wa nne ni kunyanyuka kwa sakafu, na ndio mbaya kuliko wote kwa sababu huonekana kama maendeleo. Mkandarasi anayelaza kabro ya sentimita 6 juu ya mchanga wa sentimita 3 bila kuondoa sakafu iliyopo huinyanyua njia kwa sentimita 9. Akirudia mwingine baada ya miaka, zinakuwa 18. Baraza ya sentimita 45, kimo cha mtu mzima kukaa vizuri, inabaki na 27 na haikaliki tena. Kizingiti kinazama. Masika yanapofika, maji yaliyokuwa yakipita nje yanaingia ukumbini, na mwenye nyumba anajenga tuta la saruji mlangoni kujikinga. Kila mmoja amefanya jambo la busara kwa upande wake, na njia imeharibika.

Wa tano ni saruji ukutani. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, hivyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia lipu na kukauka. Lipu ya saruji huuzuia. Unyevu hupanda juu zaidi ndani ya ukuta pamoja na chumvi, chumvi huganda ndani ya jiwe la tumbawe na kulimega. Ukuta uliopigwa saruji ili uwe imara hudhoofika ukiwa umefunikwa, na mwenye nyumba hujua siku kipande kinapoanguka njiani.

Daraja za kazi

Lugha ya kila siku huita kazi zote hizi ukarabati, lakini taaluma ya uhifadhi huzitenganisha, na mikataba ya kazi inafaa izitenganishe vilevile. Kutunza ni kuendelea kusafisha na kuziba bila kubadili kitu. Kukarabati ni kurudishia nguvu kilichochoka, kwa kutumia vilivyopo kadiri inavyowezekana. Kurejesha ni kuondoa nyongeza za baadaye na kukusanya vilivyotawanyika ili hali ya awali inayojulikana ionekane. Kujenga upya ni kuingiza vifaa vipya ili kufikia hali hiyo. Kurekebisha matumizi ni kuongeza kisichokuwapo, kama vile ngazi kupewa mteremko wa kiti cha magurudumu.

Mipaka ya daraja hizi imewekwa na mikataba ya kimataifa. Mkataba wa Venice wa 1964 hutaka urejeshaji ukome pale makisio yanapoanza. Mkataba wa Burra wa Australia, uliopitishwa mara ya kwanza mwaka 1979, ndio ulioeleza kwa ufasaha tofauti ya kurejesha na kujenga upya. Mkataba wa Washington wa 1987 ulipanua hifadhi kutoka jengo moja hadi mji mzima, ukijumuisha mpangilio wa njia na uhusiano wa majengo na nafasi za wazi. Kwa njia za waenda kwa miguu huu wa tatu ndio wenye uzito zaidi, maana njia si jengo; ni uhusiano wa majengo.

Katika Afrika Mashariki kazi hizi zina msingi wa utafiti. Lamu ilichunguzwa kwa kina na Usam Ghaidan na wenzake katika miaka ya 1970, na Francesco Siravo na Ann Pulver wakaandaa mpango wa hifadhi uliochapishwa mwaka 1986. Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985. Mpango wake wa uhifadhi ulikamilika mwaka 1994 kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uleule ulioikarabati bustani ya Forodhani na kuifungua tena mwaka 2009. Mpango huo ni hazina: uliorodhesha majengo, ukataja hali yake, na ukazihesabu njia na viwanja kuwa sehemu ya kinacholindwa.

Mpangilio wa kazi

Kazi huanza kwa kupima. Kila kizingiti, kila baraza, kila mdomo wa mfereji huandikiwa kimo chake, na sakafu hupigwa picha na kuchorwa kipande kwa kipande. Bila vimo hivyo hakuna awezaye kuthibitisha baadaye kwamba sakafu haikunyanyuliwa. Pamoja na vipimo huandikwa matumizi: nani hukaa wapi asubuhi, muuza kahawa huweka wapi dele lake, hamali hupumzika wapi.

Kisha huchimbwa mashimo machache ya uchunguzi. Mara nyingi sakafu ya mwanzo hupatikana chini, na huo ni ushahidi bora kuliko picha yoyote ya kale, kwa sababu unatoa kifaa na kimo kwa pamoja. Sakafu ya awali ikiwa nzima, uamuzi wa haki ni kuondoa matabaka ya juu na kuirudisha, si kuweka tabaka jingine.

Baada ya hapo hufanywa kazi ya chini ya ardhi, yote kwa mara moja. Maji safi, maji taka, umeme na mawasiliano hupewa nafasi katika mtaro mmoja uliopangwa, chemba zikikaa katikati ya njia ambapo hazitagusa misingi ya nyumba. Nyumba za matumbawe zina misingi mifupi. Mtaro mrefu ukiachwa wazi karibu na ukuta wakati wa mvua huweza kuuangusha, hivyo huchimbwa kwa vipande vifupi na kufukiwa kabla ya kufungua kipande kingine. Maduka nayo huhitaji njia: nusu ya upana huachwa ipitike, au kazi hufanywa wakati biashara imepoa.

Sakafu huja baadaye, ikitanguliwa na kipande cha majaribio cha mita chache ambacho wakazi wanakikanyaga kwa msimu mmoja wa mvua. Kuta na baraza hufuata, kwa chokaa. Chokaa ya mwambao hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya magogo, kisha kuzimua kwa maji na kuiacha ikae kwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kushika. Hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likingojwa likauke, kwa kuwa chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa. Ratiba ya mkandarasi aliyezoea saruji haimudu subira hii, na ndiyo sababu muda wa chokaa huandikwa ndani ya mkataba. Taa, viti na alama huwekwa mwisho. Njia nyembamba zenye kuta zilizopakwa chokaa nyeupe huhitaji taa chache na hafifu, zilizofungwa ukutani, kwani mwanga hurudishwa na kuta zenyewe.

Mifano ya matokeo

Kazi za Halprin zinatoa ulinganisho adimu: msanifu mmoja, njia mbili, hatima mbili. Nicollet Mall ya Minneapolis, aliyoichora na iliyofunguliwa mwaka 1967, iliondolewa na kujengwa kwa mchoro mwingine ifikapo mwaka 1990, kisha ikabadilishwa tena na kufunguliwa mwaka 2017. Ya kwake haikubaki. Charlottesville ilichagua vingine. Matofali ya 1976 yalipochakaa, baada ya zaidi ya miaka 30, mjadala mkali ulizuka mjini juu ya ukubwa wa tofali jipya. Ukashinda ukubwa wa awali, inchi 4 kwa 12, uliolazwa kwa mpango uleule wa miba ya samaki, na kazi ikakamilika mwaka 2009. Kilichobadilika ni kisichoonekana: matofali mapya yalilazwa juu ya mchanga, si kwa saruji, ili yaweze kufunguliwa. Huu ndio mfano ulio wazi wa kanuni ya kubadili chini ili juu pabaki. Mialoni ya Halprin nayo ilibaki, na hilo si dogo. Tofali la miaka 30 huweza kuigwa, lakini kivuli cha mti wa umri huo hakinunuliwi.

Fulton Mall ya Fresno, California, iliyochorwa na Garrett Eckbo na kufunguliwa mwaka 1964, ilifunguliwa tena kwa magari mwaka 2017. Sanamu zake, ikiwemo moja ya Renoir, zilihifadhiwa. Mpango uliozipa sanamu hizo mahali pake haukuhifadhiwa. Kwa istilahi zilizotolewa hapo juu, mradi huo hauingii katika daraja yoyote ya uhifadhi. Ni barabara mpya yenye kumbukumbu za njia ya zamani.

Mahitaji mapya

Hifadhi haikatai mahitaji yasiyokuwapo zamani. Mteremko wa kiti cha magurudumu kwa kawaida huhesabiwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani mita 1.2 za urefu kwa ngazi ya sentimita 10, na katika njia nyembamba nafasi hiyo mara nyingi haipo. Suluhisho ni kuchagua mizunguko michache ya njia isiyo na ngazi, kuikamilisha vizuri na kuiwekea alama, badala ya kukata baraza kila mahali. Kwa zimamoto huwekwa bomba zenye midomo ya kuungia mipira katika makutano. Kuzuia pikipiki huwekwa vigingi vya mawe kwenye viingilio, vyenye nafasi ya kupita kiti cha magurudumu na mkokoteni wa mkono. Kabro yenyewe si haramu, ila huwekwa mahali pa sakafu iliyoondolewa, kwa kimo kilekile, na rangi zake za kung'aa huachwa.

Matunzo na makabidhiano

Njia iliyokarabatiwa hukabidhiwa mji pamoja na vitu vitatu: michoro yenye vimo vya sakafu na mahali pa kila bomba, akiba ya mawe, matofali na chokaa iliyozimuliwa kwa ajili ya matengenezo ya miaka ijayo, na maandishi yanayotaja ofisi moja yenye mamlaka ya kuruhusu au kukataa uchimbaji wowote. Mifereji hukaguliwa kabla ya masika na kabla ya vuli, na fungu lake huingizwa katika bajeti ya kila mwaka, si ya mradi. Njia iliyokabidhiwa bila ya vitu hivyo haijamaliza kukarabatiwa, na mhandisi wa mji ana haki ya kukataa kuipokea.